Kusaka ukoo kwa vyeti na vitabu hapa Dodoma: alama zangu

Nimekuwa mkunga mkoani Dodoma mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nikisema cheti cha kuzaliwa kisikilizwe kwa sikio moja, nasema kama mtu aliyeshika kalamu. Tangazo la kizazi tulikuwa tunalijaza sisi wodini, mara nyingi usiku, mama amechoka, mkwe amesimama mlangoni anataka kujua jina la baba limeandikwaje. Tuliandika tulichoambiwa. Kwamba kuna mtu atakuja miaka hamsini mbele kumtafuta bibi yake humo, nani alifikiria?

Mtu huyo sasa ni mimi. Kwa mama ni Wagogo wa Mvumi, Waanglikana. Kwa baba ni Warangi wa Kondoa, Waislamu. Mume wangu ni Mkatoliki. Mchanganyiko huu umenigongesha karibu kila dirisha ambalo mtu wa kanda hii anaweza kuligonga akitafuta ukoo: msajili wa vizazi na vifo, bomani, kanisani, mahakamani, mtandaoni. Natoa alama kati ya nyota tano, na kipimo changu ni kimoja: nani alitoa taarifa, na aliitoa lini baada ya tukio lenyewe.

Kabla ya alama, onyo. Miongozo mingi ya kusaka ukoo utakayokutana nayo mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Uingereza, yaani England na Wales, serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1837, ndiyo maana wao huambiwa waanze na cheti kisha warudi nyuma kizazi kwa kizazi. Sisi tukifuata njia hiyo tunakwama mlangoni. Sheria ya usajili ya wakati wa Mwingereza ni ya 1920, na kwa miaka mingi haikumbana Mwafrika wa kijijini. Hata Sensa ya 2012 ilikuta kama asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara wana cheti cha kuzaliwa. Mzee wako aliyezaliwa Mvumi mwaka 1938 hana cheti cha 1938. Akiwa nacho, kilitafutwa baadaye kwa sababu ya pasipoti, mafao au kesi.

Chukua cha mama yangu. Kinasema alizaliwa 1 Julai 1941. Tarehe hizo za 1 Julai na 1 Januari nimeziona kwa wazee wengi mno kuamini kwamba walijipanga kuzaliwa pamoja. Shuka chini ya karatasi, uangalie tarehe ya kusajiliwa: mama alikuwa tayari na wajukuu. Panda kwenye nafasi ya mtoa taarifa: mdogo wake wa kiume. Yaani mdogo mtu ndiye shahidi wa kuzaliwa kwa dada yake! Hakuna aliyedanganya. Karani alihitaji jina, mjomba akatoa lake. Lakini ukiinakili 1 Julai 1941 kwenye mti wa ukoo kama vile mkunga aliangalia saa, umejidanganya mwenyewe. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Cheti kilichotimiza hilo nakipa uzito wote. Kilichochelewa miaka arobaini nakisoma kama barua ya mtoto wa familia kwenda serikalini.

Huduma yenyewe siyo mbaya. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, iliyoanza kazi 2006 kuchukua nafasi ya ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, siku hizi inapokea maombi kwa mfumo wa eRITA, na malipo yanakwenda kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, hakuna noti ya kupenyezewa mtu. Kwa vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu kuna uhakiki wa vyeti humo humo. Watoto wa chini ya miaka mitano wana mpango wao ulioanzia Mbeya mwaka 2013: cheti bila ada, kinaandikwa kwa mkono kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Wajukuu zangu watatafutwa kirahisi kuliko mimi.

Tatizo liko nje ya ofisi. Kuna wilaya moja, sitaitaja, ambako kishoka alinifuata kuanzia kwenye geti: "Mama, rejista za zamani mimi nazijua, nipe ya maji nikutolee." Hiyo ya maji nilinunulia maji, nikanywa mwenyewe. Hawa watu hawana rejista yoyote. Wanachojua ni lini karani anakwenda kula. Ingia ndani, uliza mwenyewe.

Jambo la kuuliza kwanza si jina la marehemu, ni wilaya ya wakati ule. Mvumi leo ni Chamwino, lakini zamani Chamwino na Bahi zote zilikuwa Dodoma Vijijini. Chemba ilikatwa kutoka Kondoa. Ukifika Chamwino ukaambiwa hakuna, hujaambiwa kwamba hakuna kabisa. Umeambiwa hakuna hapo.

Vyeti vya vifo ninavithamini zaidi kidogo, ingawa umri wa marehemu umekatwa na shoka: sabini, sabini na tano, themanini. Chanzo cha kifo kwa aliyefia nyumbani msikisumbukie, "homa" inabeba kila kitu. Kinachofaa ni tarehe, mahali, na tena yule mtoa taarifa, kwa sababu wakati wa msiba anayekwenda ofisini ni yule ambaye familia inamtegemea, na huyo ndiye wa kumtafuta akiwa bado hai. Vyeti vya serikali kwa jumla: nyota tatu.

Ndoa ya bomani, nyota nne, na nusu ya nyota hizo ni hasira. Baba Mwislamu, mama Mwanglikana, msikiti na kanisa vyote vingewasumbua, wakaenda bomani. Ilikuwa 1974, miaka mitatu baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kuanza kutumika, na mimi nilikuwa nimeshaanza shule. Wanaosaka ukoo huchukua tarehe ya ndoa wakaanza kuhesabu watoto kuanzia hapo. Kwetu ungenikosa mimi na kaka yangu. Walikuwa mume na mke wa mahari na ng'ombe siku nyingi. Karatasi ilifuata kwa sababu kazini kwa baba, reli, walitaka uthibitisho wa mke.

Lakini tazama kinachokuwemo. Majina, umri, kazi, makazi, hali ya kila mmoja kabla ya ndoa, kama ni ndoa ya mke mmoja au ya wake wengi, na mashahidi. Taarifa zimetolewa na wenyewe, mdomoni mwao, siku yenyewe, baada ya notisi ya siku 21 kubandikwa kwa yeyote mwenye pingamizi. Hakuna karatasi ya serikali iliyo karibu na tukio kuliko hiyo. Na hasira yangu ni hii: nyumbani tumelelewa na hadithi kwamba baba mkubwa wa Kondoa aligoma kabisa, hakukanyaga harusi, kwa sababu mdogo wake anaoa Mkristo. Tulimnunia mzee yule mpaka anakufa. Shahidi wa kwanza kwenye rejista ni yeye, na sahihi yake imenyooka vizuri tu.

Upande wa baba zaidi ya hapo ni mwembamba. Msikitini hakuna kitabu cha kuandikia watoto mfano wa ubatizo. Ndoa za Kiislamu zilizofungwa baada ya sheria ya 1971 zinatakiwa kuwa na hati, za kabla ya hapo nyingi zinakaa vichwani mwa wazee. Nimeandika mti wa ukoo wa baba mpaka kwa babu wa babu kwa kumsikiliza shangazi mmoja Kondoa, na sina karatasi ya kumbishia. Sitoi nyota kwa shangazi, ataniuliza zimepungua wapi.

Sasa kanisani. Hapa nakaa kidogo, maana kwa mtu wa Ugogo huku ndiko kwenye nyama. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, wakaenea hadi Mvumi na Kongwa, na Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa 1927. Serikali haikumwandika babu yako, lakini mwinjilisti alimwandika, kwa sababu mwinjilisti alikuwa anahesabu roho.

Nilikwenda na binamu yangu kwenye kanisa ambalo familia ilibatizwa. Karani wa pale ni mzee kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unatafuta ubatizo au unatafuta ugomvi wa shamba?"

Aliuliza kwa haki. Wengi wanaofungua vitabu hivyo wanataka kuthibitisha nani ni mtoto wa nani ili wagawane ardhi, na Dodoma tangu serikali ihamie, ekari ya zamani ya mtama imekuwa mali. Nikamwambia natafuta watu tu. Akaniangalia kama nadanganya, akafungua kabati la chuma.

Ushauri wa mezani: omba ruhusa ya mchungaji kabla ya kupiga picha, andika kwa penseli, usilambe kidole kufunua karatasi, na usisome mstari wako tu. Hilo la mwisho ndilo lililonilipa. Babu aliandikwa akiwa mtu mzima: tarehe ya ubatizo, jina jipya Yohana, jina la kale, jina la baba yake, kijiji, wasimamizi, aliyebatiza. Umri: "mtu mzima", basi. Kijiji chenyewe hakipo tena kwa jina lile, kwani Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa na vitongoji vingi vikabaki mibuyu. Lakini nilipoendelea kusoma kurasa za watu wengine, nilimkuta babu huyo huyo akiwa msimamizi wa watoto wa watu wawili wenye baba mmoja naye. Ndugu zake! Hakuna aliyewahi kututajia.

Herufi nazo zina mambo. Mwalimu aliyetoka pwani aliandika jina la ukoo kwa Ki-, mwinjilisti Mgogo akaandika Chi-, na mtu ni yuleyule. Ukitafuta kwa macho ya tahajia ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, utapita juu ya bibi yako bila kumsalimia. Tarehe pia: ubatizo umejazana Pasaka na Krismasi, na hiyo haina maana kwamba watoto wa Mvumi wote walizaliwa misimu hiyo.

Kwa umri, ninaamini zaidi njaa. Bibi, mke wa babu Yohana, alikuwa anasema yeye alikuwa anatambaa wakati wa Mtunya. Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Mjerumani na Mwingereza kupita hapa wakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mtoto anayetambaa kwenye Mtunya amezaliwa kati ya 1917 na 1919 hivi, na kitabu cha ubatizo kinamkuta msichana miaka ya 1930. Vinapatana. Weka hilo kando ya 1 Julai ya cheti uone lipi lina uso wa ukweli.

Wakatoliki wana kitu cha ziada ninachowaonea wivu. Sheria ya kanisa lao, kanuni ya 535, inataka pembeni ya mstari wa ubatizo ziongezwe kipaimara, ndoa, upadre au nadhiri za utawa. Kwa hiyo upande wa mume wangu, nilifungua ukurasa mmoja wa parokia huko Kondoa nikamwona baba mkwe akibatizwa mchanga, akipata kipaimara, kisha akioa parokia nyingine kabisa, yote kwenye mstari mmoja. Kondoa ilikuwa chini ya Jimbo la Dodoma mpaka 2011 ilipopata jimbo lake, ila usihangaike na askofu, vitabu vinakaa parokiani. Ubatizo ni nyota tano kwa makanisa yote mawili.

Ndoa za kanisani nazipa tatu. Sababu inakuja.

Mtandaoni nilitumia FamilySearch, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wa Utah ambao chama chao cha nasaba kilianza 1894. Ni bure, unafungua akaunti tu, na walimaliza mwaka 2021 kuziweka kidijitali filamu zao zote, rola milioni 2.4. Ukiwa na babu wa Goa, Ugiriki au Uingereza, kama baadhi ya familia za mjini Dodoma, ingia leo. Sisi wengine tutumie sehemu ya mti: inapanga watu vizuri, inaficha taarifa za walio hai, na unaweza kupakia picha na sauti. Nimemrekodi mama pale akianza na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi", ya kujidai. Kuna tovuti nyingine ya kulipia, sitaitaja, iliyonitumia "uwezekano wa ndugu 40" waliokuwa wote Wajerumani. Nilifuta kadi yangu siku hiyohiyo. Nyaraka za Taifa zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, vyenye nasaba za watemi. Kama ukoo wako haukuwa na mtemi, na hasa kama unatafuta mwanamke, weka hilo mwisho.

Mahali ambapo hakuna mwongozo uliowahi kunituma ni mahakama ya mwanzo. Babu Yohana alifariki miaka ya 1980 akiacha shamba na ng'ombe, na mirathi ikafunguliwa. Ili msimamizi wa mirathi ateuliwe, ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari, na muhtasari huo unaingia kwenye jalada pamoja na uthibitisho wa kifo. Fikiria: watu kumi na zaidi wa ukoo mmoja, wenye maslahi yanayogongana, wanalazimika kutaja warithi wote mbele ya mwenzao ambaye atapiga kelele jina lake likirukwa. Halafu wanatia sahihi, na bibi wanaweka dole gumba. Kama unataka taarifa iliyosuguliwa, ni hii.

Kwenye orodha ya watoto wa babu, jina la juu kabisa lilikuwa la mtu nisiyemjua. Binti. Makazi: Manyoni.

Nilimpigia mjomba, yule yule wa cheti cha mama.

"Shikamoo, mjomba. Huyu wa kwanza kwenye mirathi ya babu ni nani?"

"Marahaba. Mwanangu, jalada hilo nani kakupa?"

"Mahakama."

Akanyamaza, akakohoa, akasema njoo nyumbani. Babu alikuwa na mke mwingine kabla ya kubatizwa. Kanisa la wakati ule lilitaka mke mmoja, wa ndoa ya kanisani, na babu alikuwa na wawili, akambakiza bibi. Mwenzake akarudi kwao Manyoni na mtoto wake. Nikarudi kwenye picha zangu za kitabu cha ndoa cha kanisa: miezi michache baada ya ubatizo, Yohana anamwoa bibi yangu, na kwenye hali yake kabla ya ndoa wameandika "kapera". Kwa hesabu za mchungaji ndoa ya kienyeji haikuwa ndoa, kwa hiyo hakukosea kuandika. Ila mtu anayesoma kitabu hicho peke yake atamfuta mke mmoja na mtoto mmoja kwa neno moja lenye sahihi ya kasisi. Ndiyo zile nyota tatu.

Majalada ya mirathi: nyota tano, na ukipenda ongeza ya sita. Nenda na jina kamili la marehemu, mwaka wa kufungua shauri, jina la msimamizi kama unalijua, na karatasi ya kuonyesha wewe ni nani kwake. Epuka Jumatatu, mahabusu ni wengi. Karani wa masijala akikuambia rudi kesho, rudi kesho kweli, mapema, maana jalada la zamani linatafutwa kwa mikono. Beba maji na kitu cha kukalia.

Manyoni nimeshawasiliana nao. Huyo binti wa babu, mama yangu mkubwa, amefariki, lakini ana wanawe, na wao walikuwa wanatujua sisi wote kwa majina, hadi mwanangu wa mwisho. Mjomba alikuwa akiwapelekea habari kila anapopanda gari moshi kwenda Tabora. Yeye nampa nyota mbili: taarifa zake ni sahihi, ila hatoi mpaka uje na karatasi.